Wacheni Kutudanganya na Nyumba Zenu

Wacha niseme tu vile iko. Filamu ya mwaka wa 1948, nyeusi na nyeupe, ya jamaa anayeenda kwa mjengo na suti na tai, inajua kuhusu kujenga nyumba kuliko nyinyi wote mnaotuwekea vidio za "nimejenga nikiwa na miaka 24, usikate tamaa". Inaitwa Mr. Blandings Builds His Dream House. Nimeitazama mara tatu mwezi huu. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu, mara ya pili nilicheka na mzee wangu, na mara ya tatu nilikasirika. Hasira si kwa filamu. Ni kwetu sisi.

Kwanza tumalizane na wale wa "hiyo si ni muvi ya babu?" Ndio, ni ya babu. Hakuna kitu kinalipuka isipokuwa jiwe moja, na hilo tutafika. Mwanzo wote ni baba, mama, wasichana wawili, bafu moja, na kabati ambalo ukilifungua vitu vinakuangukia kichwani. Baba anajaribu kunyoa ndevu, mama naye anataka kioo hichohicho, na mvuke unakifunika kila kikipanguswa. Hawasemi mengi. Wanasukumana tu kwa adabu, vile watu wa nyumba moja husukumana saa kumi na mbili asubuhi. Kama mmewahi kuishi watu sita kwa nyumba ya vyumba viwili kule Umoja, hapo hamhitaji mkalimani.

(Ingawa hiyo nyumba wanayoililia ati ni ndogo iko na mfanyakazi wa ndani. Keja yangu yote ingeingia kwa sebule yao na nafasi ya kugeuza gari ibaki. Lakini tusonge.)

Jim Blandings, anayeigizwa na Cary Grant, anafanya kazi ya matangazo mjini New York. Analipwa dola 15,000 kwa mwaka, na kwa miaka hiyo hizo zilikuwa pesa za maana. Kazi yake ni kutafuta maneno matamu ya kuuzia watu nyama ya nguruwe. Siku moja anafungua jarida, anaona tangazo la kuita watu wa mjini wahamie mashambani Connecticut, kwenye hewa safi, na moyo wake unaondoka. Shikilia hapo kwanza. Mtu ambaye kazi yake ni kunasa watu kwa matangazo amenaswa na tangazo. Sijaona kitu kinachotuhusu sisi watu wa kontenti kama hicho, na filamu inakipitisha kwa haraka kana kwamba ni utani mdogo.

Wanaenda kuona nyumba. Ni gofu. Imeinama, inavuja, iko karibu kuomba msamaha kwa kusimama. Mke wake Muriel, ambaye ni Myrna Loy, na Blandings mwenyewe hawaoni gofu. Wanaona vile itakuwa. Broka naye anajua kazi yake, anaacha ndoto yao ijiuze yenyewe. Wanalipa bei ambayo hakuna mkulima wa hapo angelipa. Ekari zilizotajwa zinapimwa baadaye, zinapatikana pungufu. Halafu analeta mtaalamu wa kwanza kuangalia jengo: bomoa. Wa pili: bomoa. Wa tatu: bomoa. Anabomoa. Kumbe aliyemuuzia alikuwa bado na deni juu ya hiyo nyumba, na mwenye kudai alikuwa na haki ya kuulizwa kabla haijabomolewa, kwa hivyo sasa pesa yote inatakiwa mara moja. Rafiki yake wakili, Bill Cole, anamwangalia tu na ule uso wa "nilikuambia".

Wangapi kati yenu mnajua mtu aliyenunua ploti, akaonyeshwa bikoni, kisha bikoni zikahama usiku? Nyoosheni mkono polepole, mzazi asiwaone.

Mahali nilianguka chini kwa kicheko ni kisima. Blandings ameajiri mzee wa kuchimba maji. Mashine inachimba, inachimba, kila futi ina bei yake, wamepita futi 200 na bado ni vumbi. Wakati huohuo, hatua chache tu kutoka hapo, mafundi wanaochimba msingi wamefika kama futi sita na shimo limejaa maji. Mzee wa kisima anamweleza hayo kwa utulivu wa mtu anayetoa ripoti ya hali ya hewa. Hata yeye haelewi, na halimsumbui. Pesa si yake.

Na kabla ya hapo kuna hilo jiwe. Wakichimba, wanagonga mwamba. Blandings anadhani ni jiwe tu, litang'olewa. Anaambiwa si jiwe, ni mwamba wote ulio chini ya shamba, na utahitaji baruti. Cheki uso wa Cary Grant hapo. Hauoni hasira. Unaona mtu anayepiga hesabu kichwani na hesabu inakataa kuisha.

Huo uso naujua. Nimekua nikiuona.

Mzee wangu alinunua ploti ya futi 50 kwa 100 upande wa Kamulu, barabara ya Kangundo, mwaka wa 2013. Kama hujui udongo wa huko, ni ule mweusi unaovimba ukinyesha na kupasuka jua likiwaka. Ukiweka nyumba juu yake, kuta zinagawanyika kama mkate. Lazima uchimbe hadi ufike chini pagumu, uutoe wote, ulete murram ujaze. Fundi alimwambia mita moja itatosha. Mita moja ikafika, bado nyeusi. Mita moja na nusu, nyeusi. Mzee alikuwa anasimama ukingoni mwa hilo shimo kila Jumamosi na shati lake la ofisini, mikono kwa kiuno, na mimi nikiwa mtoto nilidhani anafurahia kuangalia watu wakichimba.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika haya. Mwaka jana mimi nilifanya kontenti ya nyumba. Nililipwa shilingi 8,000 nisimame kwa lango la nyumba ya maonyesho ambayo si yangu wala ya mtu ninayemjua, niongee vile kijana akijipanga anaweza kuwa na kwake kabla ya miaka 25. Sikusema ni yangu. Sikusema si yangu pia. Nilizungusha ufunguo kwa kidole tu. Watu walinitumia ujumbe wa "hongera", mmoja akaniambia amemwonyesha kakake mkubwa ambaye hana kazi. Nilijibu na moto na mikono ya kuomba. Huyo kakake sijui aliichukuliaje hiyo vidio. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi sana.

Kwa hivyo sirushi mawe kutoka mbali. Ninawajua, kwa sababu mimi ni mmoja wenu. Najua vile kazi inafanyika. Unaanza na picha ya shamba tupu. Muziki. Unakata, kuta zimesimama. Unakata, mabati ya rangi yamewekwa. Unakata, mama analia mlangoni. Sekunde 45. Mwishoni unaandika bei: milioni 2.3 tu. Hiyo "tu" ndio inaniua. Haina ploti ndani yake. Haina pesa za kibali, za lori la maji, za mtu wa mkono aliyelipwa wiki mbili na kazi haikuonekana. Haina ile saruji iliyoganda kwa stoo kwa sababu mvua ilipata njia. Na mara nyingi hatuambiwi nani alilipa: ni wewe, ni mjomba wako wa Marekani, au ni mwenye hadwea anayetafuta wateja?

Blandings anapigwa kila mahali, na kila mahali tunaonyeshwa bili. Hiyo ndio tofauti. Kuna mahali fundi anamuuliza kwa sauti kutoka juu kama anataka zile lenta, boriti za juu ya milango na madirisha, zikatwe kwa namna fulani ya kiufundi au zisikatwe. Blandings haelewi swali. Lakini ataonekanaje mbele ya mafundi wake? Anavuta pumzi kama mtu aliyefikiria, anasema hapana, zisikatwe. Basi fundi anageukia wenzake anawaambia mwenyewe hataki, ng'oeni. Kumbe zilikuwa zimeshakatwa na kuwekwa. Unasikia tu mbao zinapasuliwa huko juu, na jamaa amesimama chini, hawezi kusema neno. Nionyeshe mwanaume mmoja wa Kenya aliyejenga ambaye hajawahi kumjibu fundi "ndio, fanya hivyo" bila kujua ameulizwa nini.

Muriel naye ana zamu yake. Anamtembeza fundi wa rangi chumba kwa chumba, akieleza. Huku iwe ya njano, lakini si njano hivihivi, tuma mtu dukani alete siagi nzuri muifananishe. Huku iwe nyekundu kama aina fulani ya tofaa lililo katikati ya kuiva. Jikoni nyeupe, lakini isiwe nyeupe ya hospitali. Anaongea kwa mapenzi, ni kama anaongea kuhusu watoto. Fundi anasikiliza kwa heshima yote, anaandika, anakubali. Muriel akishaondoka, fundi anamgeukia msaidizi wake na kumtajia rangi tano: nyekundu, kijani, buluu, njano, nyeupe. Basi. Halafu kuna ile mara anaomba vipande vichache tu vya mawe bapa vilivyobaki viwekwe kwenye kachumba ka maua, kitu kidogo, mafundi si wako hapo tayari. Bili ikija, kachumba kamekula zaidi ya dola 1,200, kwa sababu ili kuweka mawe ilibidi sakafu yote ya hapo ifanywe upya, na sakafu ikagusa bomba, na bomba likagusa kitu kingine.

Unacheka, halafu unakumbuka kwenu.

Jamaa mmoja nilimwambia kuhusu hii filamu akaniuliza swali zuri, na sitaki kulikwepa. Alisema: buda, unacheka shida za tajiri. Huyo ana wakili wa bure, mshahara mkubwa, ana pa kurudi. Msee wa Kamulu akipigwa na fundi hakuna wakili. Ni kweli. Na filamu yenyewe inadanganya mwishoni, lazima niiseme pia. Blandings yuko karibu kupoteza kazi kwa sababu hajapata maneno ya kuuza ile nyama. Amekesha ofisini, hana kitu. Anarudi nyumbani asubuhi, na Gussie, mfanyakazi wa ndani, mwanamke mweusi anayeigizwa na Louise Beavers, anapakua kiamshakinywa na kusema kitu kuhusu hiyo nyama kwa njia yake ya kawaida. Hayo ndio maneno. Kazi imeokoka, nyumba imeokoka, madeni yatalipika. Na Gussie? Blandings kwa furaha anaagiza aongezewe dola kumi.

Dola kumi! Aliyeokoa nyumba yote ni yeye. Filamu inataka tucheke hapo, na nilicheka, halafu kicheko kikakwama. Watu wa wakati huo waliona hapo mwisho mwema. Mimi naona dada aliyepika, akaosha, akalea, akatoa wazo lililolipa mkopo, na picha ya mwisho ni ya familia ikifurahia bustani. Ukitaka kujua nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa juu ya nini, uliza mshahara wa yule anayebaki nyumbani na watoto wenye nyumba wakiwa kazini.

Na kuna lingine. Aliyeandika kitabu kilichozaa filamu, Eric Hodgins, alijenga kweli nyumba yake Connecticut, gharama zikamzidi, akaiuza. Yake haikuokolewa na maneno ya jikoni. Halafu filamu ilipotoka, ili kuitangaza, zilijengwa nyumba za mfano kwenye miji mingi ya Marekani, watu wakapanga foleni kuziangalia. Yaani hadithi ya mtu aliyeliwa na nyumba ikatumiwa kuuza nyumba. Nikisoma hayo nilifunga simu kwa muda. Hata mwaka wa 1948, kulikuwa na mtu amesimama langoni akizungusha ufunguo.

Kwa hivyo ndio, ni filamu ya tajiri, na ina uwongo wake. Lakini katikati hapo, kati ya tangazo la mwanzo na dola kumi za mwisho, kuna zaidi ya saa moja ambapo mtu mzima anaruhusiwa kuonekana mjinga mbele ya nyumba yake mwenyewe. Anakosea, analipa, anakosea tena, mke wake anamcheka, rafiki yake anamcheka, sisi tunamcheka, na hakuna anayeacha kumpenda. Sisi hiyo ruhusa hatuna. Kwetu mzazi akishaanza kujenga amekuwa mtakatifu. Huwezi kuuliza pesa ngapi. Huwezi kuuliza lini. Ukiuliza, wewe ni mtoto asiyejua wazazi wanavyojinyima.

Mimi sikuuliza. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mzee alinipigia akasema nisubiri kidogo na karo, wapige mabati kwanza kwa sababu mvua inakuja na mbao zitaoza. Nikasema sawa. Semesta ikapita. Nikaahirisha nyingine. Halafu nikaanza kupata vijipesa vya vidio, na nikajiambia nimeacha chuo kwa sababu chuo hakina maana. Nimesema hivyo hadharani mara nyingi, mmenipigia makofi. Ukweli ni kwamba sijui ningeacha au nisingeacha. Ilikuwa ni mabati.

Tuliitazama Jumapili, kwa laptopu, sebuleni Kamulu. Sakafu bado ni ya saruji tupu, dari hakuna, ukiangalia juu unaona mbao na mabati yenyewe, kile cheo changu cha kwanza na cha mwisho cha chuo kikuu. Nilikuwa namsomea yale maneno ya chini alipokuwa amesahau miwani. Bafu hakucheka sana. Broka alisonya. Mwamba ulipogongwa akanyamaza kabisa, nikadhani nimekosea kumwonyesha. Kisima kilipofika, wale wakachimba futi 200 na msingi umejaa maji, mzee alianza na kikohozi, kumbe ni kicheko. Alicheka hadi mathe akatoka jikoni kuuliza nani amekufa. Akaniambia nirudishe. Tukarudisha mara tatu. Sisi pia tuna kisima pale nyuma, cha kuchimbwa kwa mkono, futi 60, na maji yake ni ya chumvi hadi sabuni haitoi povu. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia huyo kisima akitajwa kama kitu cha kuchekesha.

Tulipofika zile lenta, akasema, bila kuniangalia, kwamba dirisha la chumba changu liko juu vile kwa sababu fundi alimuuliza kitu na akasema ndio. Miaka yote nimekuwa nikipanda kiti kufungua hilo dirisha.

Filamu ilipoisha alikaa kidogo. Halafu akaenda chumbani akarudi na daftari la jalada ngumu, lile la kaunta, lenye kurasa zimeshikana kwa unyevu. Alikuwa ameandika kila kitu. Kila lori, kila mfuko, kila siku ya fundi. Hajawahi kumwonyesha mtu, nadhani hata mathe alikuwa analiona vizuri mara ya kwanza. Akasema kama nataka kuweka kontenti ya kujenga, niweke hiyo.

Kwa hivyo nyinyi wa sekunde 45, wekeni zenu pia. Hizi ni zetu, na mzee ameruhusu.

Ploti, 2013: shilingi 340,000. Bikoni kurudishwa mahali pake: 18,000. Msingi, fundi alisema 150,000: ukala 425,000. Mawe na kuta: 510,000. Kisima: 90,000. Kuta za choo, mara ya kwanza: 46,000. Kuta za choo, mara ya pili, kwa sababu ya udongo: 58,000. Mbao na mabati: 385,000. Kwa mstari wa chini yake, kwa kalamu nyekundu, karo, semesta mbili, imehamishwa kwa mabati: 116,000, na jina langu kando. Milango: 72,000, wa nyuma bado. Dari: bado.